Namna ya Kukua Kiroho Wakati Hakuna Anayekuona

Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura yake ya kwanza, kinamtaja mtu ambaye wahubiri humpita haraka. Baada ya Yuda kuanguka, nafasi yake ilihitaji mtu mwingine, na Petro akaweka sharti kwamba mtu huyo awe amefuatana nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohana hata siku Bwana Yesu alipochukuliwa juu. Wakawekwa mbele wawili, Mathiya na Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye jina lake la pili lilikuwa Yusto. Kura zikapigwa, zikamwangukia Mathiya. Yusto, mwenye sifa zile zile na miaka ile ile ya kumfuata Bwana, hatajwi tena mahali popote katika Maandiko.

Nimeanza naye kwa makusudi, kwa sababu mafundisho mengi tunayopewa kuhusu majira ya kufichika huanza na Yusufu mwana wa Yakobo gerezani au Daudi malishoni, kisha huishia ikulu. Mwumini aliyeondolewa kwenye zamu ya huduma, au aliyeacha utumishi ili amuuguze mzazi, au aliyehamia mahali ambapo hakuna anayemjua, huambiwa avumilie kwa kuwa siku yake inakuja. Huenda inakuja. Lakini mtu anayekaa sirini huku akihesabu siku za kutoka hukosa karibu yote yaliyoko huko. Huwa kama abiria kituoni ambaye macho yake yako barabarani muda wote, hata hamjui aliyeketi naye benchi moja. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kukua hapo hapo alipo, iwe atatokea kesho kama Daudi au hatatokea kamwe kama Yusto.

Tambua kwanza kilichokuficha

Kabla ya kupanga maombi wala mfungo, kaa chini ujiulize umefikaje hapa, maana mambo yanayomficha mtu ni mengi na dawa zake hazifanani.

Wapo ambao Mungu mwenyewe huwaficha. Elia aliambiwa waziwazi ajifiche karibu na kijito cha Kerithi, na Yohana Mbatizaji alikaa majangwani hata siku ya kutokea kwake kwa Israeli. Wapo wengi zaidi ambao maisha tu ndiyo yamewaficha: mtoto mchanga asiyelala, ugonjwa wa muda mrefu, kazi ya usiku inayogongana na ibada, uhamisho. Hawa hujitesa bure wakitafuta dhambi iliyowaleta hapo, na mara nyingi hakuna dhambi yoyote. Ni majira tu. Kundi la tatu ni la waliojificha wenyewe. Utamtambua mtu huyu kwa sababu huingia ibada ikiwa imeanza na kutoka kabla ya baraka ya mwisho, ili mkono wake usishikwe na mtu. Anasema anapenda utulivu, lakini kwa kweli ana kidonda. Kwake hatua ya kwanza ni kumtaja aliyemwumiza mbele za Mungu kwa jina, na ikiwezekana kumwendea, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18, kwa sababu asipofanya hivyo ule upweke anaouita utulivu utaishia kuwa uchungu.

Kundi la nne nalitaja kwa uangalifu. Kuna mtu aliyenyamazishwa kwa sababu alisema ukweli kuhusu fedha au kuhusu mwenendo wa kiongozi, kisha akaambiwa kwamba Mungu anamfundisha unyenyekevu. Hapana. Dhuluma ni dhuluma, hata Mungu akiweza kumkuza mtu ndani yake. Yusufu mwenyewe, tunayemsifu kwa uvumilivu, hakukaa gerezani akijifanya kwamba yote ni sawa. Alimwomba mkuu wa wanyweshaji ampeleke habari zake kwa Farao, akamweleza kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania na kwamba hakufanya neno la kumtia gerezani. Kama umedhulumiwa, sema mahali panapostahili, na huku ukikua.

Na neno moja fupi kabla ya kuendelea: usingizi ukipotea kwa majuma, chakula kikikosa ladha, na mawazo ya kufa yakianza kupita kichwani, usiyaite majira ya kiroho. Mwambie mchungaji wako, na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Sema na Mungu bila kupamba

Waumini wengi, wakifichwa, huongeza shukrani za mdomoni na kupunguza ukweli. Wanaogopa kwamba kulalamika ni kukosa imani. Lakini Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamalizika gizani bila kutoa hata mstari mmoja wa kufarijiana, na bado waliokusanya Zaburi waliiacha ndani ya kitabu cha sala.

Fanya hivi. Chukua daftari ambalo hakuna mtu atakayelisoma, uandike ombolezo lako mwenyewe kwa mpangilio ule ule wa Zaburi ya 13. Anza na maswali yako ya "hata lini", matatu au manne, yakiwa yamenyooka: hata lini nitakuwa napangiwa kufungua madirisha huku niliowafundisha wakishika kipaza sauti? Kisha andika ombi moja, moja tu, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Mwishoni mwa zaburi ile Daudi anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Kama leo huwezi kusema hivyo kwa moyo, usiandike. Acha nafasi wazi kwenye ukurasa. Rudi baada ya juma moja uone kama kuna kitu cha kuijaza.

Faida ya zoezi hili huonekana polepole. Manung'uniko ambayo ungeyamwaga kwa watu, yakawafanya wakuonee huruma au wachukue upande wako, yanapata pa kwenda, na huko yanapokwenda yupo anayeweza kuyajibu.

Ingia chumba cha ndani, ufunge mlango

Katika Mathayo 6 Bwana Yesu anataja mambo matatu ambayo watu wa dini hupenda kuonekana wakiyafanya, yaani sadaka, sala na kufunga, na kwa kila moja anarudia ahadi ile ile kwamba Baba aonaye sirini atakujazi. Ni ajabu kwamba sura hii tunaisoma kama onyo kwa wanafiki, wakati ni habari njema kwa mtu aliyefichwa. Kile ambacho wengine wanapaswa kujilazimisha kukitafuta, wewe umepewa: mlango tayari umefungwa.

Chagua saa moja ya siku na mahali pamoja, uvishike. Dakika ishirini zinatosha kuanza. Simu ibaki chumba kingine, hata kama Biblia yako imo ndani ya simu. Tafuta Biblia ya karatasi. Soma zaburi moja kwa sauti ya chini, kaa kimya kwa muda, kisha sali Sala ya Bwana polepole kiasi cha kuweza kusimama kwenye neno lolote linalokushika. Siku nyingi hutahisi chochote. Usibadilishe mpango kwa sababu hiyo, maana mtu anayebadilisha njia ya sala kila juma anatafuta hisia, na hisia zikija atazigeuza kuwa Mungu wake.

Hapa niwaseme kidogo wale waliokuwa wakihubiri au kufundisha, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Sisi tuna ugonjwa wetu. Tukisoma Biblia, macho yetu husaka somo: vichwa vitatu, mfano mmoja, swali la kufungia. Tukipata mstari mzuri tunafurahi kama mvuvi aliyenasa samaki, lakini samaki huyo tunampeleka sokoni, hatumli. Majira ya kufichika yanatupa nafasi ya kula. Chukua kitabu kimoja kizima, Ruthu au Yona au Wafilipi, ukisome mwanzo hadi mwisho kila siku kwa siku saba bila kuandika hata nukta moja ya somo. Siku ya tatu utachoka. Siku ya tano utaanza kuona mambo ambayo hayamfai msikilizaji yeyote isipokuwa wewe, na hayo ndiyo uliyoitiwa humo ndani.

Ongeza tendo moja la siri kila juma. Lipa deni la mtu bila yeye kujua, au mwombee mgonjwa bila kumwambia kwamba unamwombea, au funga mlo mmoja na uendelee na kazi zako kama kawaida. Kisha kitunze. Jambo gumu ni lile la siku ya pili na ya tatu, pale mazungumzo yanapokaribia kwenye jambo hilo na ulimi unawasha. Ukilisimulia, hukutenda dhambi kubwa, lakini umekwisha kulipwa. Anza tena juma lijalo.

Shika kazi iliyoko mkononi

Kutoka 3 inaanza na sentensi ambayo ingefaa kusomwa polepole: Musa alikuwa akilichunga kundi la Yethro, mkwewe. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya Farao, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 80, hakuwa hata na kondoo wake mwenyewe. Stefano, katika Matendo 7, anatuhesabia kwamba miaka 40 ilipita Midiani. Maandiko hayatuambii alikuwa akisali nini miaka hiyo yote. Yanatuambia alikuwa akichunga.

Na Daudi, jambo linalonigusa si kwamba alitolewa malishoni akapakwa mafuta, bali kwamba baada ya kupakwa mafuta alirudi malishoni. Sauli anapotuma wajumbe kumtafuta, anamwambia Yese amletee Daudi mwanawe "aliye pamoja na kondoo". Hata baada ya kuanza kumpigia Sauli kinubi, alikuwa akienda na kurudi ili awalishe kondoo wa baba yake Bethlehemu. Simba na dubu alipambana nao huko, na hakuna aliyeshuhudia. Sisi tunajua kwa sababu yeye mwenyewe ilimbidi aeleze siku moja, alipoulizwa anategemea nini.

Sasa nisimulie yangu, ambayo ni madogo. Nilifundisha darasa la Biblia kanisani kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja ratiba mpya ikabandikwa na jina langu halikuwamo. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza, kwa kiburi nilichokiita upole. Mwezi uliofuata aliyekuwa akiosha vikombe vya meza ya Bwana akahama, na mtu akaniuliza kama ningeweza kushika kazi ile kwa muda. Nilikubali hasa kwa sababu ilikuwa na mlango wa kufunga.

Vikombe vile ni vya kioo, vidogo, na trei moja hubeba 40. Trei zilikuwa tatu. Kinachobaki ndani hukauka na kuacha duara jekundu chini, ambalo maji ya baridi hayaliondoi; sharti uloweke kwanza kwenye maji ya moto, kisha uzungushe kidole kidogo kilichofungwa kitambaa, ukiinue kikombe kwenye mwanga, uone, urudie. Mara ya kwanza niliviosha vyote 120 nikiwa na hasira. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu nikaona ni aibu kukasirikia vikombe, nikaamua kwa kila kikombe nimtaje mtu mmoja wa kanisa mbele za Mungu. Nilipofika kikombe cha thelathini na kitu, majina yakaniishia.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale, ningeweza kueleza mpangilio wa Waraka kwa Warumi bila kufungua kitabu, na majina yao sikuyajua. Jumapili iliyofuata nilikaa karibu na mlango, nikaanza kuuliza. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufikia 120, na katika kuulizana majina nikaambiwa mambo ambayo hakuna mtu aliwahi kuniambia nilipokuwa mwalimu: mume aliyeondoka, jaribio la pili la mtihani, uvimbe ambao bado haujachunguzwa.

Kwa hiyo ushauri wangu katika sehemu hii ni wa moja kwa moja. Tafuta kazi ndogo iliyo karibu nawe, ambayo lazima ifanyike na ambayo hakuna anayeigombania, uifanye vizuri kuliko inavyohitajika, na uishike kwa mwaka mmoja kabla ya kuuliza ina maana gani. Kama majira yako ni ya nyumbani, hutahitaji kutafuta. Kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa chache kunatosha. Ndugu Lawrence, mtawa wa Karmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alijifunza kukaa mbele za Mungu akiwa jikoni, na baadaye akirekebisha viatu. Josephine Bakhita, mzaliwa wa Sudan aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, aliishi miaka mingi katika nyumba ya watawa huko Schio, Italia, akiwa mpishi, mtunza vyombo vya ibada na mlinzi wa mlango, hadi alipofariki mwaka 1947. 

Mbariki aliyeshika nafasi yako

Wivu hauji ukijitambulisha. Huja ukiwa umevaa joho la kulinda mafundisho safi. Mimi nilijua umeniingia siku nilipogundua kwamba, nikiwa nimeketi benchi la nyuma, nilikuwa nikihesabu makosa ya mwalimu mpya. Nilikuwa nimefika sita, na nilisikitika kidogo kwamba yalikuwa sita tu.

Yohana Mbatizaji aliletewa habari za aina hiyo na wanafunzi wake mwenyewe, kwamba yule aliyemshuhudia, yaani Yesu, sasa anabatiza na watu wote wanamwendea. Jibu lake tunalinukuu sana: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Tusichokinukuu ni kwamba kabla ya hapo alijifananisha na rafiki wa bwana harusi, anayesimama na kufurahi kwa sababu ya kuisikia sauti yake. Rafiki huyo hapungui kwa kujikandamiza. Anapungua kwa sababu masikio yake yako kwa mwingine.

Mfano mwingine ni Barnaba, ambao watu wengi huusoma bila kuuona. Paulo, baada ya kuongoka, alikwenda Arabuni na kurudi Dameski, ikapita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro, kwa siku 15, kisha akaelekea pande za Shamu na Kilikia, huku makanisa ya Uyahudi yakiwa hayamjui kwa uso. Barnaba ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta. Matendo 13 inaanza safari yao ikisema "Barnaba na Sauli", Sauli huyu akiwa ndiye Paulo. Kabla sura haijaisha, imekuwa "Paulo na Barnaba". Yule aliyemtoa mwenzake mafichoni akawa wa pili katika sentensi, na Luka hatuambii kwamba alinung'unika kwa ajili hiyo. Waligombana baadaye, ni kweli, lakini ugomvi ulihusu Yohana Marko, kijana mwingine ambaye Barnaba hakukubali aachwe.

Ukitaka kuung'oa wivu, mwombee aliye mahali pako kwa jina kila siku kwa siku 40, na uombe mambo ambayo ungeyataka wewe: kwamba afundishe vizuri, kwamba watu waguswe, kwamba wasikukumbuke kwa kumlinganisha nawe. Hilo la mwisho litakuuma, lirudie. Kisha tafuta jambo moja la kweli alilofanya vizuri, umwambie ana kwa ana, kwa sentensi moja, bila kuongeza ushauri. Na kama mitandao ndiyo inayokuchoma, pale unapoona huduma za wenzako zikipigiwa makofi, acha kuziangalia kwa muda. Hakuna utakatifu wowote katika kukitonesha kidonda ili kuonyesha kwamba kimepona.

Awepo mtu mmoja anayejua

Kufichwa si kutengwa. Kitabu cha Mhubiri kinasema katika sura ya nne kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, na anayekaa sirini peke yake kabisa hujidanganya kwa urahisi, mara akijiona mtakatifu kuliko waliopo mbele, mara akijiona takataka. Tafuta mtu mmoja, mzee kuliko wewe katika imani kama inawezekana, asiye na uwezo wa kukurudisha kwenye nafasi. Hilo la mwisho ni muhimu: ukimchagua mwenye mamlaka juu ya ratiba, bila kukusudia utaanza kumwonyesha jinsi ulivyokua. Muonane mara moja kwa mwezi. Mweleze mambo matatu tu: umesali vipi, umemchukia nani, umefanya nini kwa siri ambacho ungependa kijulikane. Hili la tatu mwambie aina yake tu, usimwambie lenyewe.

Usijipime kila juma

Ukuaji wa sirini hauonekani kwa macho ya mwenyewe kwa urahisi, na anayeufukua kila siku kuona kama umeota atauua. Pima mara mbili kwa mwaka. Unapopima, usiulize kama umekuwa na amani au kama umeota ndoto. Uliza mambo yanayoshikika. Je, unaweza kusikia jina la aliyekuondoa likitajwa na ukaendelea kula? Unapofanya jambo jema, inachukua muda gani kabla hujaanza kumtafuta wa kumsimulia? Unawajua watu wangapi wapya kwa majina na kwa shida zao? Yusufu, akiwa mfungwa asiye na tumaini lolote la karibu, aliingia asubuhi akawaona wafungwa wenzake wawili, akawauliza, "Mbona nyuso zenu zimekunjamana leo?" Mtu anayeweza kuona uso wa mwenzake akiwa yeye mwenyewe gerezani amekwisha kukua, na hilo lilitokea miaka miwili na zaidi kabla ya Farao kumwita.

Ujue pia kwamba hata mafichoni mambo hubadilika. Kijito cha Kerithi kilikauka Elia akiwa bado katika utii, akapelekwa kwa mjane wa Sarepta, naye huko aliendelea kuwa mfichwa, ila sasa akiwa na watu wawili wa kula nao. Kama njia yako ya sala imekauka baada ya muda mrefu wa uaminifu, si lazima kuwe na kosa. Ongea na yule mtu mmoja, mtafute njia nyingine.

Ukiitwa, na usipoitwa

Siku ya kuitwa ikija, usijibu siku hiyo hiyo. Omba juma moja. Katika juma hilo jiulize kama utaweza kukataa bila kuvunjika moyo. Kama huwezi, mwambie Mungu hivyo, na yule mtu mmoja pia. Ukikubali, weka masharti mawili kwako mwenyewe: saa ile ya chumba cha ndani haitaguswa na maandalizi ya huduma, na kazi moja isiyoonekana itabaki mkononi mwako. Bwana Yesu, katika Marko 1, aliponya wengi jioni, akaamka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu. Wanafunzi walipomfuata na kumwambia, "Watu wote wanakutafuta," aliwajibu kwamba twende mahali pengine. Alikuwa amekaa Nazareti hadi akaribie miaka 30, akijulikana kama seremala, na sauti iliyosema "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe" ilimjia kabla hajafanya muujiza wowote. Aliyekwisha kusikia hivyo hana haja ya kutafutwa na watu wote.

Usipoitwa, hakuna mpango wa pili wa kuufuata. Ni huu huu. Charles de Foucauld, Mfaransa, aliyatafuta maisha ya Nazareti kwa makusudi, akaenda kuishi huko kuanzia mwaka 1897 akiwa mtumishi wa kazi za mikono wa watawa. Baadaye aliandika kanuni ya jumuiya aliyotamani kuianzisha. Aliuawa Tamanrasset, nchini Algeria, tarehe 1 Desemba 1916, akiwa hajapata hata ndugu mmoja wa kudumu wa kuishi naye kanuni hiyo. Kwamba jumuiya zilizuka baada yake, na kwamba Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022, ni mambo ambayo yeye hakuyajua, na kila asubuhi aliamka na kusali bila kuyajua.

Mimi nilirudishwa kwenye ratiba baada ya muda mrefu, mara moja kwa robo mwaka, si zaidi. Vikombe bado ni vyangu. Waumini wameongezeka, trei sasa ni nne, na kuna majina kama kumi na tano ambayo sijayajua.